Bima ya Simu na Mgeni wa Saa Tisa

Wanawake ninaoswali nao Ijumaa huniuliza kama bima ya simu ina faida yoyote, kwa kuwa wanajua niliikata siku ileile niliyonunua simu na kwamba muda wake ulipokwisha niliihuisha. Huwa nawajibu kwamba ina faida, kisha nageuza mazungumzo. Si kwamba nawaficha. Ni kwamba jibu lenyewe haliwezi kusemwa kwa kusimama, viatu vikiwa mkononi.

Simu niliinunua Jumamosi, tarehe 13 Januari 2024, katika duka moja la Wandegeya, jirani na vibanda ambako wanafunzi wa chuo huchapisha kazi zao. Nilikwenda peke yangu. Mume wangu, aliyekuwa askari polisi kwa miaka thelathini na mmoja, alifariki Alhamisi, tarehe 2 Septemba 2021, na tangu eda yangu ilipokwisha sijamruhusu mtu anichagulie kitu ninacholipia mwenyewe. Nina vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yangu huko Bwaise, upande wa juu ambako mafuriko hayafiki, na ninasuka vikapu na makawa ya kufunikia chakula kama walivyosuka mama zetu wa Kinubi. Kwa hiyo mahitaji yangu hayamsumbui mtu.

Muuzaji aliniita Hajati, ingawa sijajaliwa kufika Makka, nami sikumsahihisha kwa sababu alikuwa na adabu. Alinieleza kuhusu bima pole pole, kama mtu anayesoma maandishi madogo kwa niaba ya mwenzake. Kwa malipo ya kila mwezi yasiyozidi bei ya kilo moja ya nyama, kampuni ingenitengenezea kioo kikipasuka, ingenilipa simu ikiingia maji au ikiporwa kwa nguvu. Simu niliyoisahau mahali haikuwamo. Nilimwuliza mara mbili kuhusu hilo la kusahau, akasema hilo hakuna kampuni inayolibeba.

Pamoja na bima ilikuja programu ya ulinzi. Mtu akikosea namba ya siri mara tatu, simu humpiga picha kimyakimya na kuituma kwa ndugu uliyemchagua.

“Hajati, mwizi akigusa tu, sura yake tunayo kabla hajapumua,” alisema.

Nilimchagua binti yangu, ambaye ni mkunga huko Mukono. Namba ya siri nilichagua tarehe niliyoanza mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2004. Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mitatu, katika darasa la jioni la watu wazima, na mtihani niliufanya nikiwa nimekaa nyuma ya watoto waliozaliwa baada ya binti yangu. Nilifaulu. Tangu nilipojua kuandika, sijaacha jambo langu lolote lipite bila tarehe, na mtu akitaka kujua mvua iliyoangusha ukuta wa jirani ilinyesha lini, huja kuniuliza mimi.

Mwanangu wa kiume, ambaye ni mhasibu huko Mbarara, alinicheka kwenye simu hiyohiyo mpya. Alisema bima ya simu ni kulipia hofu, na kwamba kampuni hizo hutegemea watu wasiojua hesabu. Nilimjibu kwamba nimeishi katika kambi za polisi miaka ishirini na sita, nikaona watu wakija kuripoti vitu vyao vilivyoibwa, na simkumbuki hata mmoja aliyerudi kushukuru. Wakati ule mabishano yetu yalikuwa ya aina hiyo tu, na nilidhani yataendelea kuwa ya aina hiyo.

Jumanne, tarehe 6 Februari, kama saa kumi kasorobo, nilikuwa natawadha kwa ajili ya alasiri simu ilipoita. Alikuwa binti yangu.

“Mama, nani ameshika simu yako?”

“Nimeishika mimi. Si ndiyo hii unayonipigia?”

Hakucheka. Alisema amepokea picha, iliyopigwa saa tisa na dakika chache, na kwamba haina mtu. Aliponitumia, niliitambua dari ya sebule yangu: mbao zilizopauka na lile doa la maji karibu na taa. Pembeni, chini kabisa, kulikuwa na ukingo wa kitambaa cheupe.

Saa tisa nilikuwa nimelala kwenye mkeka, kama ninavyolala kila siku baada ya adhuhuri. Komeo la mlango lilikuwa ndani, nami ndiye niliyelifungua nilipoamka. Nilimwambia binti yangu kwamba programu ya bei rahisi hukosea, naye akakubali, ingawa nilisikia anavuta pumzi kabla ya kukubali.

Picha ya pili ilifika Jumatatu, tarehe 19. Saa tisa tena. Safari hii dari ilionekana kidogo tu, kwa sababu mbele yake palikuwa na vidole viwili vilivyoziba nusu ya picha, na nyuma ya vidole paji la uso la mwanamke, limefungwa kilemba cheupe chenye fundo mbele. Macho hayakuwamo. Mimi fundo langu hulifunga kisogoni. Niliitazama picha ile nikiwa nimesimama katikati ya sebule, mahali hasa ilipopigwa, na nilijikuta nimeegemeza mgongo ukutani bila kukusudia.

Mwanamke mwingine pekee katika ua wangu alikuwa mpangaji wangu, Mkongo anayesuka nywele karibu na soko la Kalerwe. Nilimwendea jioni hiyohiyo. Sikumtuhumu kwa maneno, lakini mwenye masikio angeelewa. Nilimwambia kwamba katika nyumba yangu watu huingia kwa mlango na kwa ruhusa.

“Mama, mimi kwako napigaka hodi,” alinijibu, bila hasira. “Ni wewe hupigi. Juzi mchana ulisimama hapa kwangu, nikakusalimu, ukaniuliza kama unga umefika. Nikasema unga gani? Ukaenda zako.”

Nilidhani ananitania kwa sababu nimemkasirisha. Nilimwambia kwamba mimi unga wangu huununua jumla na sihitaji kuomba wa mpangaji. Nikarudi ndani, na kesho yake nikabadilisha kufuli.

Ijumaa, tarehe 1 Machi, binti yangu hakupiga simu. Alikuja mwenyewe jua likiwa bado juu, akiwa amevaa sare za kazi, na hakunywa maji niliyompa. Alikaa karibu nami kwenye mkeka akaweka simu yake juu ya goti langu.

Ulikuwa uso mzima. Ulikuwa wangu. Sijui nilieleze vipi jambo hili kwa mtu ambaye hajaona sura yake ikifanya kitu asichokijua. Macho yalikuwa wazi kabisa, yakitazama chini kwenye kioo kwa makini, jinsi mtu anavyomtazama karani aliyeshika kalamu. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo, kana kwamba inataja jambo. Mikunjo yangu yote ilikuwapo, lakini uchovu wangu haukuwapo. Yule mwanamke alikuwa na shida ya mtu kijana.

“Huyu ni wewe,” binti yangu alisema.

“Naona.”

“Unakumbuka kuishika simu?”

Nilimwambia tarehe, siku, aya niliyosoma baada ya adhuhuri, na rangi ya gari lililokuwa limezuia njia yetu asubuhi ile. Kuishika simu sikukumbuka.

Hakuweza kumficha kaka yake, na sikumwomba amfiche. Mwanangu alipiga usiku uleule, na sauti yake ilikuwa ya upole kiasi kwamba niliiogopa kuliko angefoka. Alisema ana chumba kizuri Mbarara, chenye dirisha la upande wa bustani. Nyumba ya Bwaise ingepangishwa yote, pesa zingeingia kwenye akaunti yangu. Mpaka sasa ninaikumbuka sentensi yake moja neno kwa neno: “Mama, ikija picha nyingine, nakuja na gari.” Nyumba ile niliijenga na marehemu kwa mafao yake na vikapu vyangu, tofali kwa tofali, na ndiyo mahali pa kwanza maishani mwangu ambapo hakuna bwana mkubwa aliyeweza kutuamuru tuhame. Nilimwambia mwanangu kwamba nimemsikia.

Siku iliyofuata kampuni ya bima iliniandikia. Ujumbe ulitokea juu ya kioo, pamoja na ile picha, na chini yake swali: je, unamfahamu mtu huyu? Palikuwa na sehemu mbili za kubonyeza. Nikisema hapana, wangenielekeza nikaripoti polisi na kuniandalia madai. Niliiacha simu mezani, nikapika, nikala, nikaosha vyombo. Swali lilikuwa bado linaningoja. Nikabonyeza ndiyo. Walijibu papo hapo, kwa adabu ya mashine: asante, tafadhali mkumbushe mtu huyu asiguse kifaa chako.

Nilicheka peke yangu sebuleni, kisha nikaacha kucheka kwa sababu haikupendeza kusikia kicheko katika nyumba ile na kutojua vizuri ni cha nani.

Binti yangu alinipeleka hospitali. Daktari, mwanamke mwenye umri kama wa binti yangu, aliniuliza leo ni tarehe ngapi. Nilimpa ya Kizungu na ya Kiislamu, nikamkumbusha kwamba mfungo ungeanza mwezi ukiandama wiki ileile. Alitabasamu, akanichorea saa nimwekee mishale, akaniambia maneno matano niyarudie baadaye, nami niliyarudia yote. Shinikizo la damu lilikuwa juu kidogo. Alieleza kwamba zipo aina za usingizi ambamo mwili huamka na mtu asiamke, na kwamba zipo pia njia ambazo kumbukumbu huanza kumtoka mtu zikianzia na za karibuni. Ni ipi kati ya hizo, alisema, muda ndio utakaoonyesha. Nilipenda kwamba hakunidanganya.

Binti yangu alichukua likizo akaja kukaa nami mwanzo wa Ramadhani. Mchana wa mfungo nyumba yetu huwa tulivu sana. Hakuna chungu jikoni, hakuna redio, na hata bodaboda za barabarani husikika kama ziko kijiji kingine. Jumanne, tarehe 19 Machi, nilijilaza baada ya adhuhuri. Nilipoamka, binti yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele yangu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kumzalisha mama katika shida. Aliniambia ninywe maji. Nikamwambia nimefunga. Ndipo alipopata nguvu ya kusimulia.

Saa tisa, alisema, niliinuka bila kujinyoosha, kama mtu aliyeitwa. Nilifungua kilemba nikakifunga upya, fundo mbele. Nilichukua simu, nikaketi wima kwenye kigoda, magoti pamoja, nikaanza kubonyeza. Simu ilikataa. Nikabonyeza tena. Ilipokataa mara ya tatu, simu yake yeye ilitikisika mfukoni, akajua kwamba picha yangu imefika kwake wakati mimi mwenyewe niko hatua tatu mbele yake. Hakuitazama. Aliniona nimenyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, nikasema kwa sauti kubwa: “Mke wa namba,” nikataja namba, tarakimu moja moja.

Binti yangu amezoea watu wenye maumivu na anajua kwamba hawagutushwi. Aliniuliza taratibu ninataka nini.

“Unga wa mtoto, afande. Foleni ni ndefu, usiniruke.”

Akanijibu kwamba ameandika, niende nikapumzike. Nikashukuru, nikarudi mkekani.

Nilimwuliza ni namba gani niliyotaja. Aliitaja, nami nikaitambua mara moja, kwa sababu ilikuwa namba ya baba yake ya kazini, ambayo yeye hakuwahi kufundishwa. Basi nilimweleza mambo ambayo sikuwa nimeona sababu ya kumweleza. Kambini, siku ya posho, yaani mgao wa unga, hakuna aliyemwuliza mwanamke jina lake. Tulipanga foleni na mabeseni tangu adhuhuri, vilemba vimefungwa mbele ili fundo lisizuie beseni kukaa kichwani, na mtunza stoo aliita mke wa namba fulani, mke wa namba fulani. Aliyechelewa kuitika alirukwa. Mimi sikujua kusoma hata herufi moja, ila namba ile niliijua kwa umbo, na niliweza kuichora ardhini kwa kidole. Ndiyo iliyokuwa maandishi yangu ya kwanza. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa jina langu.

“Kwa hiyo unamkumbuka huyo mtunza stoo,” alisema binti yangu.

“Namkumbuka vizuri, na foleni naikumbuka. Kuinuka hapa mkekani sikumbuki.”

Alinishika mkono. Nilihisi kwamba lipo jambo amelibakiza, nikamwambia aliseme lote, kwa kuwa mimi si mgonjwa wake. Alisema kwamba kabla sijalala tena nilimtazama usoni, kwa wema, nikamwuliza: “Wewe ni mtoto wa nani?”

“Ukajibu nini?”

“Nikasema, wako. Ukacheka. Ukasema wewe una mtoto mmoja tu, wa kiume, na umemwacha amelala.”

Mpaka hapo sikuwa nimeogopa sana. Nilidhani ni mimi ninayetembea nikiwa nimelala, na watu wengi hutembea wakiwa wamelala. Sasa nilielewa kwamba saa tisa anakuja mwanamke ambaye hajamzaa binti yangu, hajasoma, hajafiwa, na ambaye nyumba hii kwake haijajengwa. Anapita sebuleni mwangu akiwa na haraka ya kuwahi foleni. Na akikuta kioo kinamkatalia namba yake, nani ajuaye atakwenda kuiuliza wapi? Tayari alishafika kwa mpangaji. Siku nyingine angeweza kufungua geti.

Binti yangu alisema picha ile ya leo angemficha kaka yake, lakini ikija nyingine hataweza, kwa sababu hajazoea kumdanganya na hataki kuzoea. Nilimwambia hatadanganya. Kesho yake, Jumatano, baada ya kufuturu, nilikaa naye chini ya taa nikabadilisha namba ya siri. Nilitoa tarehe ya mtihani wangu, ambayo niliipenda, nikaweka namba ya kambini.

“Basi hatutamwona tena,” binti yangu alisema.

“Hatutamwona. Lakini hatarukwa.”

Alinitazama, akafikiri, kisha akaenda kuosha vikombe. Sijawahi kumwuliza alifikiri nini.

Tangu jioni ile haijaja picha hata moja. Siku ya Idi mwanangu alipiga kunipa mkono wa sikukuu, akauliza kwa sauti ya mtu anayepita tu, nikamjibu ukweli kwamba picha zimekoma. Alishusha pumzi nikaisikia kutoka Mbarara. Alisema labda ilikuwa uchovu, na labda ile bima haikuwa kupoteza pesa, kwa kuwa imetufanya twende hospitali mapema. Chumba chenye dirisha la bustani hakukitaja tena. Januari 2025 nilihuisha bima kwa mwaka wa pili. Kioo hakijapasuka, maji hayajaingia, hakuna aliyenipora. Kila wiki programu huniletea taarifa kwamba hakuna jaribio lililoshindwa, na mwenye kuisoma atadhani kwamba hakuna anayekuja.

Lakini ziko alasiri ninazoamka na kuikuta simu pembeni mwa mkeka ikiwa wazi, ya moto, na miguu yangu ina vumbi la ua. Geti nimelitilia kufuli la ndani, na ufunguo anao mpangaji kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Tulikwishapatana, mimi na yeye. Nilimwomba radhi kwa maneno ya Februari, naye alisema hayakumwingia. Kazi ya kusuka sasa anaifanya ukumbini kwangu saa hizo, na mgeni akifika kumwuliza habari za unga humjibu kwamba unakuja, mama, unakuja. Anasema mgeni ni mtu wa heshima na hupenda kuzungumza. Sijamwuliza wanazungumza nini.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama bima ya simu ina faida, nasema ina faida. Bila hiyo ningeendelea kujiona ni mmoja.

Najua mwanangu atayasoma haya, maana husoma kila ninachoandika na kunisahihishia vituo. Akishasoma atakuja na gari, nami nitampokea vizuri, nitampikia, tutazungumza kama watu wazima kuhusu nyumba hii na nani anaishi ndani yake. Naomba tu asifike saa tisa. Yule mwanamke amemwacha amelala, mtoto mchanga, na amekwenda kumtafutia unga. Sijui atamwambia nini mwanamume mwenye mvi anayesimama mlangoni na kumwita mama.